Anayeanza ujifunzaji wa mashine: hesabu kwanza au Python kwanza?

MtuWaMatriksi: Wakuu, kila kijana akiuliza aanzie wapi anaambiwa apakue Python, lugha ya kuandikia programu, aandike `model.fit()`, amri ya kufunza modeli, basi keshakuwa mtaalamu wa data. Nakataa. Aanze na matriksi, kalkulasi na uwezekano. Asiyejua mteremko (gradient) ni nini, yaani kosa linabadilika vipi ukigusa namba za modeli, siku modeli ikigoma kujifunza ataishia kubadilisha namba kwa kubahatisha. Halafu hiyo Python mnayoitukuza haijui hata kujumlisha: 0.1 + 0.2 inakupa 0.30000000000000004!

BintiPandas: Mkuu, unawafukuza watu mlangoni. Data ya maua ya iris ina mistari 150, aina 3, vipimo 4 kwa kila ua. Anaipakia kutoka scikit-learn, maktaba ya Python ya ujifunzaji wa mashine, anatenga 30 za kupimia kwa `test_size=0.2`, anaweka `stratify=y` ili kila aina ipate maua 10, anafunza kwa 120 zilizobaki. Jioni moja imekwisha, na maswali ya hesabu yanamjia yenyewe. Kinachowaangusha wanaoanza si kalkulasi. Ni kupitisha data yote kwenye `StandardScaler`, kifaa cha kusawazisha vipimo kwa wastani na mtawanyiko wake, kabla ya kuigawa. Wastani wa data ya mtihani ukishavuja, alama unazopata ni za kuibia. `fit` (kukokotoa wastani) iwe kwa data ya kufunzia tu, `transform` (kubadilisha vipimo) kwa zote mbili. Ukiweka kila kitu ndani ya `Pipeline`, mnyororo wa hatua hizo, hilo linajilinda lenyewe.

KakaBiti: Hilo la "Python haijui kujumlisha" siwezi kuliacha lipite. Jaribu JavaScript, jaribu Java kwa `double`, jibu ni lile lile. Ni kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, cha kuhifadhi namba za desimali kwenye kompyuta: biti 64 (tarakimu za 0 na 1), na usahihi wake ni wa biti 53. Moja ya kumi kwa msingi wa mbili haiishi, kama 1/3 isivyoisha kwa msingi wa kumi. Kilichohifadhiwa ni 0.1000000000000000055 na ushee. Mashine imejumlisha sawasawa ilichopewa.

MtuWaMatriksi: Kaka, mteja haoni IEEE, anaona jibu. `sum([0.1]*10)` inatoa 0.9999999999999999. Itetee na hiyo.

FundiMwiko: Kwangu inatoa 1.0 kamili. Mnatisha vijana bure.

KakaBiti: Uko kwenye Python 3.12 au zaidi. Kuanzia hapo `sum()` ilibadilishwa, inabeba masalia ya kila hatua. Andika kitanzi chako kwa `+=` uone kama 0.9999999999999999 hairudi. Matoleo ya nyuma yana `math.fsum`. Na kulinganisha desimali usitumie `==`, tumia `math.isclose`.

SentiKwaSenti: Mnaongea kama ni mchezo. Hitilafu hii hii iliua watu Vita vya Ghuba, kombora la kujikinga la Patriot la Marekani lilishindwa kuzuia Scud, kombora la Iraki, kule Saudia.

KakaBiti: Si hii hii. Dhahran, 25 Februari 1991, wanajeshi 28 wa Marekani walikufa. Saa ya mfumo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na 0.1 ilikatwa kuingia rejista (kihifadhi namba) ya biti 24 yenye nukta isiyohama, yaani nafasi ya nukta haibadiliki. Mfumo ukiwa umewashwa takriban saa 100 mfululizo, kosa lilifika sekunde 0.34. Scud inakwenda zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde, kwa hiyo rada ilitafuta pasipo na kitu. Mzizi ni mmoja, utunzaji wa namba ni tofauti.

MtuWaMatriksi: Umenisaidia. Asiyejua hesabu ataua watu.

BintiPandas: Hiyo ni hesabu ya msingi wa mbili, si kalkulasi uliyoidai! Usihamishe goli. Na hilo la biti linamhusu anayeanza pia: akifunza kwa float16, namba za desimali za biti 16, namba kubwa kabisa ni 65504. Ikivukwa inakuwa `inf` (isiyo na kikomo), kisha hasara, yaani kipimo cha kosa la modeli, inasomeka `nan` (si namba). Miteremko midogo nayo inazama hadi sifuri. Atumie bfloat16, aina nyingine ya biti 16, yenye upeo kama wa float32 ingawa usahihi ni mdogo, au akuze hasara kwa kuizidisha kabla ya kurudi nyuma kukokotoa miteremko.

FundiMwiko: Basi nijibuni: programu ya duka inayopokea malipo ya simu, bei zihifadhiwe vipi?

SentiKwaSenti: Namba kamili za senti. Shilingi 1,250.50 iwe 125050. Kwenye PostgreSQL, hifadhidata, `NUMERIC(12,2)` inatosha. Kwenye Python andika `Decimal('0.1')` na alama za nukuu. Ukiziacha, unaingiza ule uchafu wote. Kugawa shilingi 100 kwa watu watatu ni senti 3333, 3333, 3334, na uamue mapema nani anabeba senti iliyobaki. Angalia pia `round(2.5)`: inatoa 2.

MtuWaMatriksi: Mbili?! Na hiyo ndiyo lugha ya kumwanzishia mtoto?

KakaBiti: Nusu inakwenda kwenye shufwa iliyo karibu, kwa hiyo `round(3.5)` ni 4. Ukipandisha nusu zote juu, jumla ya ankara elfu moja inaegemea upande mmoja. Mhasibu akitaka 3, `quantize` (kukadiria) na `ROUND_HALF_UP` (nusu ipande juu) vipo ndani ya `decimal`.