Riwaya zimenishika, tawasifu zimenipoza. Kosa ni la nani?

Mlevi wa Karatasi

Wakuu, habari za jioni. Vitabu vitano vimesomwa mfululizo na hukumu yangu ni hii. Anayeona nimekosea aseme.

*Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis (Mkuki na Nyota, 2022): nyota nne. Yusuf ana miaka 12, baba yake ameshindwa kulipa deni, mtoto anapandishwa garimoshi na tajiri anayemwita kwa jina la undugu. Hakuna anayepiga kelele humo, na bado kinauma. Nyota ya tano imekwenda na ukurasa wa mwisho, maana kitabu kinakatika kama umeme.

*Maisha ya Hamed bin Muhammed*, yaani Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa karne ya 19: mbili. Pembe, frasila, vita, pembe, frasila. Kijiji kinateketea, yeye yuko sentensi inayofuata anapima mizigo.

*Mbali na Nyumbani*, tawasifu ya Adam Shafi: tatu na nusu. Safari tamu, ila kinaishia pale ninapotaka kianzie.

*Haini*, riwaya ya huyo huyo: tano, sina mjadala.

*Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*, Shaaban Robert: sijui nimpe ngapi. Anafiwa na mke, halafu badala ya kunieleza ananiwekea shairi. Mawaidha ni mengi, yeye mwenyewe simwoni.

Mnaona mchoro ulivyo: riwaya juu, tawasifu chini. Je, waandishi wetu hawajui kujieleza, au mimi ndiye nisiyejua kuwasoma? Kama ni mimi, nipeni njia ya vitendo. Msiniambie "soma kwa moyo".

---

Bin Kombo

Ndugu yangu, Tippu Tip umempunja. Si kwamba ni mtu mwema, la hasha. Umemsoma kama mtunzi, na yule bwana hakutunga, alifunga hesabu.

Aliandika uzeeni, Unguja, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayageuza kuwa herufi za Kirumi na kuyachapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani, mwaka 1902 na 1903. Mzee akafariki 1905. Kwa hiyo ulichonacho mkononi ni daftari la mfanyabiashara anayewaeleza watu wanaoijua biashara ile. Haoni sababu ya kukuambia jua lilikuwa kali.

Zifanyie kazi hizo frasila zinazokuchosha. Frasila moja ni karibu kilo 16, na mpagazi wa kawaida alibeba kama frasila mbili. Kila anapotaja frasila 100 za pembe, andika pembeni: watu 50. Kisha jiulize watu 50 hao wanakula nini na chakula kinatoka kwa nani. Fanya hivyo kwa kurasa 20 tu. Utaanza kuona kwa nini msafara ukifika mahali penye njaa vita havikawii, hata kama yeye anadai aliyeanza ni mwenyeji. Hisia unazozitafuta zimo ndani ya hesabu.

Kinachowapoteza wasomaji zaidi ni miaka, maana tarehe anazitaja kwa nadra. Mfungie kwenye wasafiri wa Kizungu aliokutana nao: Livingstone 1867, Cameron 1874, Stanley 1876. Mwaka 1887 anafanywa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya dola ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Ukiweka misumari hiyo minne kwa penseli, vilivyobaki vinajipanga. Ukiiacha, vita vya Itabwa na mambo ya Manyema vitakuchanganyikia kichwani, kisha utasema kitabu kinajirudia.

Halafu kuna maneno yaliyohama. Hongo kwake ni ushuru wa njia anaolipwa mtawala ili msafara upite. Ukiisoma kwa maana ya leo utadhani kila mtemi alikuwa mla rushwa. Mnyapara ni kiongozi wa wapagazi. Merikani ni kitambaa. Nali- ni "nili-" yetu. Mengine yanaeleweka yenyewe.

Usiruke alivyopata utawala wa Utetera, nchi ya bara huko Kongo. Anasimulia mwenyewe jinsi alivyojifanya mjukuu wa ukoo wa watawala kupitia bibi aliyetekwa zamani, mzee Kasongo, mtawala wa pale, akasadiki na kumkabidhi nchi. Anakisema bila haya, kama mtu anayeeleza alivyopata bei nzuri sokoni. Basi pale ndipo alipojianika. Kwenye tawasifu usitafute anachojutia, tafuta anachojisifia.

Sasa *Peponi*. Yusuf anaondoka kwao akiwa na miaka 12. Tippu Tip naye anafungua kitabu chake akiwa na thenashara, anakwenda safari za karibu na biashara ya sandarusi, ule utomvu mkavu wa mti. Umri mmoja, njia ile ile ya bara, ila mmoja anachukua mali na mwingine ndiye rehani. Visome sambamba, usisome kimoja ukamaliza ndipo ushike kingine.

Na kipo cha tatu usichokitaja. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Göttingen mkusanyo wa *Safari za Wasuaheli*. Humo Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara, na mtawala aitwaye Chata anawapokonya mali. Mtawala wa *Peponi* anaitwa Chatu. Wahakiki wameshaonyesha kuwa Gurnah alichukua kisa hicho akakifuma upya. Kwa Chande unasikia mfanyabiashara anayelia na mali yake. Kwa Gurnah, Chatu anapewa kinywa, anaeleza kuwa waliotangulia walimdhulumu, naye anajilipa. Kwa hiyo kisa kilitoka kwenye Kiswahili, kikaenda Kiingereza mwaka 1994, kikarudi Kiswahili 2022. Ndiyo maana tafsiri ile haina harufu ya tafsiri.

---

Mlevi wa Karatasi

Bin Kombo, nimekubali kuhusu hongo, nilikuwa nasoma kwa maana ya leo. Lakini mwisho wa *Peponi* je?

---

Bin Kombo

Haukukatika, umefungwa kwa kufuli. Ukurasa wa kwanza mtoto anaondolewa bila kuulizwa. Ukurasa wa mwisho kijana anachagua mwenyewe, kwa mara ya kwanza, na anachokichagua ni kukimbilia safu ya askari wa Kijerumani. Gurnah angeongeza sura moja angelazimika kutuambia kama alifanya vyema. Anayetaka kujua yanayowapata vijana wa namna hiyo asome riwaya yake ya 2020, *Afterlives*, amwangalie Hamza.

Jambo moja la tafsiri, nalo ni la kufurahisha. Kwa Kiingereza Aziz, yule tajiri, ni "uncle", basi. Kiswahili hakikubali uvivu huo, kinamlazimisha mtafsiri achague kati ya ami na mjomba, na kila moja lina deni lake. Khalil, kijana anayefanya kazi dukani kwa Aziz, anapomkaripia Yusuf kuwa yule si jamaa yake, amwite Seyyid, yaani bwana, pigo linakuwa zito zaidi kwetu kuliko kwa Mwingereza.

---

Mwalimu wa Zamu

Hamjambo wote. Natia neno kutoka upande wa Kenya, kwa sababu tatizo la mwenzetu Mlevi tunaliona sana kwa wanafunzi, ila kwao limegeuzwa kichwa chini: wao huisoma riwaya kana kwamba ni tawasifu.

Mfano ni Ken Walibora. *Siku Njema* (1996) inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza na Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga anayefunga safari hadi Kitale kumtafuta baba. Nafsi ya kwanza ikiwa tamu kiasi hicho, msomaji huamini mwandishi anajisimulia. Kisha anafungua *Nasikia Sauti ya Mama*, tawasifu ya Walibora, anakuta mtu wa Magharibi mwa Kenya, si mtoto wa Tanga kamwe. Wengine hukasirika kana kwamba wamedanganywa.

Njia inayofaa ni hii. Chukua karatasi moja, igawe katikati. Kushoto tawasifu, kulia riwaya. Usiandike "huyu ndiye yule", kwa kuwa hapo ndipo kazi inapoharibika: utamaliza kitabu ukiwinda majina, na utapata matatu ya kubahatisha. Andika mambo, si watu. Mama. Njaa. Shule. Aibu. Kwa kila jambo andika limepewa kurasa ngapi kila upande. Hesabu kurasa kwelikweli, usikadirie. Kisha tazama palipo na pengo. Jambo lililopewa kurasa 15 kwenye riwaya na aya moja kwenye tawasifu ndilo mwandishi aliloshindwa kulisema kwa jina lake. Kinyume chake pia hutokea, ila mara chache.

Kosa la pili: kusoma tawasifu kwa kasi ya riwaya. Riwaya ina msuko unaokuvuta. Tawasifu haina, maisha hayana taharuki ya sura kwa sura. Soma sura moja, funga, rudi kesho. Ukizisoma sita kwa mkupuo utaona orodha ya safari na vyeo, na utamlaumu mwandishi.

---

Somo Mwanakhamisi

Mwalimu kasema vyema, ila hapo kwa Shaaban Robert sitamwachia Mlevi apite.

Mwanangu, unasema anafiwa na mke anakuwekea shairi, kana kwamba amekukwepa. Shairi ndilo maelezo. Mwanamume wa Tanga wa zama zile, karani wa serikali ya mkoloni, hakukaa akaandika kwa nathari namna alivyolia. Nathari ilikuwa ya barua na ripoti. Shairi hilo, "Amina", ni la mizani (silabi) 16 kwa mstari, nane ukwapi, yaani nusu ya kwanza, nane utao, nusu ya pili, na vina havimruhusu kutapatapa. Lisome kwa sauti, upumzike katikati ya kila mstari. Ukilisoma kimya kwa macho, kama unavyosoma gazeti, unapoteza nusu yake.

Hayo unayoyaita mawaidha mengi yana wenyewe. Utenzi wa Hati ni wa binti yake, Utenzi wa Adili ni wa mwanawe wa kiume. Husomewi wewe, umekaa mlangoni unasikiliza. Ukiingia na fikra hiyo, kila ubeti unabadilika. Unasikia baba mwenye hofu asije akafa kabla watoto hawajakua, wakati mama yao ameshatangulia. Nenda beti kumi kumi, usizidishe, kwa sababu mizani nane mfululizo hulaza mtu. Na weka Hati na Adili upande kwa upande utazame anamwambia nini binti asichomwambia kijana. Hapo una kazi ya wiki nzima, na hutaipenda yote. Mengine yamepitwa na wakati, tusifichane.

Wanaoruka tenzi wakabaki na nathari tupu ndio wanaosema kitabu ni chepesi. Ni sawa na kula wali ukaacha mchuzi kisha ukamlaumu mpishi.

Kwa Adam Shafi, lile pengo ulilolilalamikia ndilo jibu la swali lako lote. *Mbali na Nyumbani* inakaa kwenye ujana na safari ya kuikimbia Zanzibar. Gereza halimo. Gereza limo kwenye *Haini*, ambako mateso yamepewa Hamza, mtu wa kubuni (si yule wa *Afterlives*), katika Zanzibar iliyotikiswa na mauaji ya Karume ya Aprili 1972. Shafi alikuwa miongoni mwa waliowekwa ndani. Hakulisema kwa "mimi". Kwa "mimi" angeshurutika kutaja nani alifanya nini siku gani, na kila jina lina watoto na wajukuu mitaa ya pili. Kwa "Hamza" alipata nafasi ya kuingia chumbani, akatuonyesha kuta. Hakuna haja ya kumpunguzia tawasifu nyota. Amegawa kazi, basi.

---

Mtu wa Mkuranga

Naomba kupinga kidogo wakuu, msije mkafanya kanuni kwamba tawasifu yetu lazima ifiche. *Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu* ya Ali Hassan Mwinyi (2021) imeandikwa kwa Kiswahili, na ni ya rais, watu wanaotarajiwa kuficha kuliko wote. Mlevi, usianzie sura ya kwanza. Anzia kujiuzulu kwake uwaziri wa mambo ya ndani mwaka 1977, baada ya watuhumiwa kufia mikononi mwa vyombo vya dola Mwanza na Shinyanga. Kisha rudi utotoni, halafu ruka hadi urais wa 1985. Kwa mpangilio huo unajua unamsoma nani. Ukianzia mwanzo utachoka kabla hujafika.

Onyo: tawasifu za viongozi zina ugonjwa wa shukrani. Kurasa za kutaja majina zipite haraka, ila weka alama kwa jina ambalo ulitarajia kulikuta na halipo.

---

Mlevi wa Karatasi

Somo, shikamoo, na nimepokea. Tippu Tip nampandisha hadi tatu kwa ajili ya wapagazi 50. Shaaban Robert nitamrudia kwa sauti kabla sijamhukumu. Bin Kombo, huyo Mwenye Chande nianze naye, au nimalize kwanza Tippu Tip kwa penseli?

---

Bin Kombo

Anza na Chande. Ni mfupi, na ana malalamiko, na mtu mwenye malalamiko husimulia vizuri. Ukimaliza, fungua *Peponi* pale msafara unapofika kwa Chatu, usome sehemu hiyo peke yake. Tippu Tip weka mwisho, penseli ikiwa imechongwa.