Tupeane uzoefu: zahanati au duka la dawa likiwa mbali na nyumbani

Wakuu, habari zenu. Kwenye mipango mingi ya afya hutumika kipimo cha kilomita 5: ukikaa ndani ya hapo, unahesabiwa una huduma jirani. Na mara nyingi wanapima kwa mstari ulionyooka kwenye ramani. Mimi ni mmoja wa hao majirani. Bati la zahanati naliona ng'ambo ya mto, ila daraja liko huko juu kabisa, na mvua ikianza hata njia ya kufika darajani inakatika. Azimio la Alma-Ata la 1978, lile la mkutano wa kimataifa wa afya, lilitaka huduma za msingi zisogezwe karibu iwezekanavyo na pale watu wanapoishi na kufanya kazi. Karibu kwa ndege arukaye, sawa, lakini mjamzito wa miezi minane je?

Hebu kila mtu aseme yake, na mnajipangaje.

Mama Wawili: Mkuu, kwangu zahanati ipo, kasheshe ni dawa. Unapimwa, unaambiwa dawa zimeisha, shika cheti ukanunue. Duka liko upande mwingine, na ukifika hiyo iliyoandikwa hawana. Muuzaji anataka kukupa nyingine "inayofanana". Siku hizi sitoki chumba cha daktari kabla hajaniandikia jina halisi la dawa, si la kampuni, na mbadala wake chini yake. Wapo wanaokunja sura, lakini wanaandika.

Msukari: Sisi wa insulini ndio tunaujua umbali. Nabeba kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana: barafu chini, taulo katikati, dawa juu, visigusane. Watu wanahofia joto wanasahau baridi. Ikiganda imekwisha, hata ikiyeyuka usijidunge. Ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8. Ukishaifungua, nyingi zinavumilia nje ya friji kama wiki 4 pasipo joto kali, ila soma karatasi ya ndani ya boksi, hazilingani.

Kimyakimya: Mnazungumzia njia tu, ongezeni na saa za kufungua. Dawa za kuzuia VVU baada ya kubakwa au kujichoma kwa bahati mbaya na sindano iliyotumika zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Jambo likitokea Ijumaa usiku na kituo kinafunguliwa Jumatatu asubuhi, saa zaidi ya 50 zimeshakwenda. Hapo hata ukikaa nyumba ya jirani na kituo, uko mbali.

Babu Presha: Nilikuwa nakwenda kila mwezi kuchukua vidonge vilevile. Nikasikia wanaotumia ARV, dawa za VVU, ambao hali zao zimetulia wanapewa za miezi 3 hadi 6 kwa mkupuo, tena Shirika la Afya Duniani ndilo linaloshauri hivyo. Nikamwuliza nesi, na sisi je? Akaangalia kadi yangu, presha imetulia, akanipa za miezi mitatu. Kumbe ni kuuliza tu. Magoti yamepona kuliko presha.

Mleta mada: Babu umenifungua macho. Mama Wawili, huyo daktari akikunja sura unamwambiaje? Wa kwetu ana haraka sana.

Mama Wawili: Simwambii kitu. Sinyanyuki kitini.