MREJESHO: Picha ya daftari la afya kwenye grupu la wazazi

Wakuu, mwezi uliopita niliomba ushauri. Mwalimu wa darasa la binti yangu, yuko la tatu, alipiga picha daftari la afya akaituma kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, kutukumbusha dawa. Mstari wa nne jina la mwanangu, pembeni kwa peni nyekundu: "kifafa". Kesho yake wenzake wakakataa kukaa naye dawati moja.

Nilifuata ushauri wenu, sikwenda na hasira. Nilimwandikia mwalimu mkuu barua, nikataja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayohesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Aliniita siku ya pili. Mwalimu aliniomba radhi, na niliona imemuuma kweli. Picha imefutwa, ingawa waliokwisha kuihifadhi wanayo, na hilo bado linanikosesha usingizi.

Daftari sasa linafungiwa kabatini kwa mwalimu wa afya. Wanaojua hali ya binti yangu ni yeye, mwalimu wa darasa na wa michezo. Hao watatu niling'ang'ania mwenyewe wajue, maana akianguka uwanjani lazima awepo mtu wa kumlaza ubavu na kuzuia wasimtie kijiko mdomoni.

Juzi amerudi nyumbani na nusu andazi kwenye karatasi. Kapewa na jirani yake wa dawati, yule yule aliyehama. Asanteni sana.