Humusi ya nyumbani: dengu za kopo au kavu, na tahini kiasi gani?

Kinu na Mchi
Wakuu, salaam. Nimetengeneza humusi, lile rojo zito la dengu (chickpeas) zilizosagwa, mara nne sasa, mbili kwa dengu za kopo na mbili kwa dengu kavu nilizoloweka usiku kucha. Ya kopo ilikuwa ya haraka, ila ikatoka nzito kama udongo wa kufinyangia, na ladha ya bati kwa mbali. Ya dengu kavu ilinukia vizuri lakini ulimini ilikuwa na chembechembe kama mchanga. Nasikia wengine wanamenya ganda la dengu moja moja. Ndiyo siri yenyewe? Natumia blenda ya kawaida, dengu zilizoiva gramu 250, tahini (ufuta uliosagwa ukawa rojo) vijiko viwili, limau moja na punje mbili za kitunguu saumu. Naomba mlinganishe kwa yale mliyojaribu wenyewe.

Sufuria Nzito
Kumenya nimejaribu. Nilikaa karibu saa nzima, humusi ikatoka laini kweli, na sikurudia tena, kwa sababu magadi soda yanafanya kazi ileile.

Loweka dengu saa 8 hadi 12, mwaga maji. Kwa gramu 250 za dengu kavu weka kijiko kimoja cha chai cha magadi, zigeuze kwenye sufuria juu ya moto dakika tatu hivi, ndipo utie maji. Maganda mengi yataachia na kupanda pamoja na povu, chota umwage. Magadi hudhoofisha pektini, ile inayoshikanisha seli za dengu, ndiyo maana zinapondeka. Limau hufanya kinyume chake, kwa hiyo lisiguse sufuria kabla dengu hazijaiva. Usizidishe magadi lakini, utapata ladha ya sabuni.

Halafu chembechembe zako nadhani zinatokana na kuepua mapema. Dengu iliyoiva kwa kachumbari haijaiva kwa humusi. Ibonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada: ipondeke yote, pasibaki kokwa katikati.

Blenda Kuukuu
Mimi natetea kopo. Dengu kavu zilizokaa ghalani muda mrefu unaweza kuzichemsha asubuhi hadi jioni zisilainike, na ukizinunua huna namna ya kujua umri wake. Kopo halina bahati nasibu hiyo. Kosa ni kuzisaga zilivyo. Mwaga maji yake, suuza, chemsha upya dakika 20 na nusu kijiko cha chai cha magadi, chuja, saga zikiwa bado moto. Ule udongo wa kufinyangia hutauona tena. Kopo la gramu 400 linatoa kama gramu 240 zikishachujwa, karibu sawa na kipimo chako.

Sufuria Nzito
Kwa ulaini nakubali, Blenda. Kwa ladha bado nasimama na kavu, maana kwenye maji ya kuchemshia unaweza kutia kitunguu na jani la kiungo liitwalo bay, na dengu zinayanywa zikiwa zinaiva. Ya kopo imekwisha kuiva, inapata harufu ya juujuu tu.

Ufuta Mweupe
Ndugu zangu, mnabishania dengu na mwenzetu ametia tahini vijiko viwili! Kwa Kiarabu chakula hiki ni hummus bi tahina, yaani dengu kwa tahini. Kwa gramu 250 za dengu zilizoiva mimi naweka gramu 100, na kuna wanaozidi hapo.

Mpangilio nao una maana kubwa. Anza na kitunguu saumu, maji ya limau na chumvi kwenye blenda, saga, uache dakika 10. Asidi inakizuia kile kimeng'enya kinacholeta ukali wa kitunguu saumu kibichi, unabaki na harufu bila kuunguzwa koo. Kisha tahini. Itakaza ghafla iwe kama gundi. Wengi hapo hudhani imeharibika wakaitupa. Endelea kutia maji ya barafu, kijiko baada ya kijiko, mpaka ilegee na kugeuka krimu nyeupe. Sasa ndipo dengu ziingie, na blenda izunguke dakika nne au tano.

Ila onja tahini kabla ya yote. Ikiwa chungu, hakuna limau litakaloiokoa.

Kinu na Mchi
Hilo la kukaza limenitokea na kweli nilimwaga! Asanteni sana. Maswali mawili: viungo vya kuongeza, na mtoto wa dada yangu anadhurika na ufuta.

Bizari Nyembamba
Kwa mtoto, saga mbegu za alizeti zilizokaangwa kidogo badala ya tahini. Siagi ya karanga inashika, ila inafunika ladha ya dengu. Muhimu kuliko vyote: blenda ioshwe kabisa kwanza, na bakuli lake litengwe na la tahini, vijiko pia.

Kuhusu viungo, bizari nyembamba ikaangwe kavu ndipo isagwe, nusu kijiko cha chai inatosha. Pilipili hoho iliyochomwa ni tamu sana, bitiruti iliyookwa inaleta rangi nzuri, lakini zote zina maji, kwa hiyo punguza yale ya barafu. Mafuta ya zeituni mimi namwagia juu tu. Nilipoyasaga ndani mara mbili yaligeuka machungu.

Kinu na Mchi
Nimerudi. Nilipika zote mbili jana kwa mpangilio wa Ufuta Mweupe, tahini gramu 100 kila moja. Kwa ulaini hakuna aliyezitofautisha mezani. Ya dengu kavu ndiyo iliyoisha kwanza. Ya kopo iliyobaki imekaa friji usiku, leo ni ngumu kama jibini. Imeharibika?

Sufuria Nzito
Hapana, hukaza ikipoa. Itoe nusu saa kabla ya kula, koroga na kijiko cha maji ya uvuguvugu na matone ya limau. Ikiwa imefunikwa vizuri, ile ndani ya siku nne. Na kesho ukisaga, iache iwe nyepesi kidogo kuliko unavyoitaka.