Naomba ushauri: goti langu na korongo la Fish River, Namibia

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Niko Tanga, Chumbageni. Binamu yangu anayefanya kazi Windhoek amenialika Julai tukatembee kwa miguu Fish River Canyon, lile korongo kubwa la jangwani kusini mwa Namibia: urefu kama kilomita 160, kina hadi mita 550. Njia yenyewe ni kama kilomita 85, kuanzia karibu na Hobas hadi Ai-Ais, siku nne au tano, kila kitu mgongoni.

Tatizo ni goti la kulia. Kupanda halinisumbui, kushuka ndiko kunakoniua. Mwezi uliopita nilipanda kwa miguu Mombo hadi Soni na begi la kilo 12, safi kabisa. Kurudi nikadandia bodaboda, aibu tupu. Na kule mteremko mkali, wenye minyororo ya kushikilia, ndio unaoanza. Cheti cha afya ni lazima. Daktari amenipa mazoezi ya mapaja, nirudi baada ya wiki sita. Binamu anasema nikishindwa tutatazama tu kutoka juu, lakini roho inakataa.

Kwa aliyewahi kuteremka pale: fimbo mbili za kutembelea zinasaidia kweli, au kwenye minyororo zinageuka mzigo? Na usiku wa Julai, kwa sisi tuliozoea joto la pwani, blanketi zito linatosha au nitafute begi la kulalia la baridi kali?