Mak-10 au IS-1: niunde modeli ya ipi?

Kipanga77
Wakuu salaam. Nataka kuunda modeli ya ndege ya majaribio ya enzi zile, inayobadili mabawa ikiwa angani. Nimebaki na mbili. Mak-10 ya Makhonine, Ufaransa 1931: mabawa yanarefuka kama eriali ya redio, upana toka mita 13 hadi 21. Na IS-1 ya Wasovieti Nikitin na Shevchenko, 1940: inapaa na mabawa ya ghorofa, kisha bawa la chini linakunjwa. Ipi?

FundiBalsa
Ya kurusha au ya kabatini? Ukubwa? Mfuko ukoje? Hujasema kitu mkuu.

Bi Tiara
IS-1 tu. Magurudumu yanakunjwa pamoja na bawa la chini, mtambo mmoja kazi mbili. Unapaa kwa mbio fupi, ukishakunja unapata kasi.

Mchongaji
Bawa la kuchomoza msinitajie. Mwaka juzi nilinunua sevo mbili (vimota vya kusogeza bawa) kwa muuzaji mmoja, akaapa ni pacha. Sebuleni nilijaribu mara ishirini, safi kabisa, hadi watoto wakachoka kupiga makofi. Siku ya uwanjani kushoto likatoka lote, kulia likagoma nusu. Ndege ikalala ubavu, ikapinduka, ikaenda kujichoma kwenye mgomba. Muuzaji kuulizwa: "Labda hukuchaji betri." Ukiunda Mak-10, shafti iwe moja katikati, isukume pande zote mbili.

FundiBalsa
Hata IS-1 upande mmoja ukigoma unaanguka vilevile.

Bi Tiara
Angalau bawa la juu limetulia.

Msasa
Mmeisahau Pterodactyl IV ya kampuni ya Westland, Uingereza 1931. Haina mkia, mabawa yanasogea mbele na nyuma nyuzi chache tu za pembe kuisawazisha. Rahisi kuliko zote.

Mchongaji
Nyuzi chache nani ataziona toka chini?

Zumari
Makhonine mwenyewe alikuwa Mrusi, alihamia Ufaransa. Kwa hiyo zote mbili ni za Warusi.

Msasa
Imeundwa Ufaransa, ni ya Ufaransa.

Zumari
Basi mwanangu aliyezaliwa safarini ni wa basi?

Kipanga77
Samahani, umeme ulikatika. Ya kurusha, upana mita moja na nusu. Nina betri na rimoti, mota bado.

FundiBalsa
Rimoti ya chaneli ngapi, yaani inaongoza vitu vingapi?

Kipanga77
Nne.

FundiBalsa
Nne! Hizo zinaishia kwenye kuirusha tu. Sevo ya kukunjia bawa utaichomeka wapi?

Kipanga77
Mchongaji, mota yako ilipona kwenye mgomba?

Mchongaji
Ilipona. Ina matope kidogo. Toa ofa.