Kusafisha stereo ya nyumbani iliyokaa muda mrefu: nianze na nini, na nisiguse nini?

Mpenzi wa Santuri anauliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Kaka yangu amenikabidhi seti yake ya stereo ya zamani, yenye amplifaya, deki ya kaseti, mashine ya CD, kicheza santuri na spika mbili za mbao, nami ningependa kuitunza ili idumu miaka mingi zaidi. Vifaa hivi vilikaa stoo bila kufunikwa, na vumbi limejaa hadi kwenye matundu yaliyo juu ya amplifaya. Nilipoviwasha, vyote viliitika, lakini kila ninapozungusha kitufe cha sauti spika hukwaruza, na upande wa kushoto hupotea kabisa, kisha hurudi nikikisogeza kitufe hicho kidogo. Kaseti zinatoa sauti nzito isiyo na makali, na baadhi ya CD huruka hata pale ambapo sioni mkwaruzo wowote.

Nimeulizia, na kila mtu amenipa dawa yake. Mmoja amenishauri nifute kila kitu kwa spiriti, mwingine nipulizie kwenye vitufe yale mafuta ya kopo yanayolegeza nati zilizoshika kutu, na wa tatu anasema nifungue mfuniko wa amplifaya nipige brashi ndani. Kabla sijagusa chochote, naomba mnieleze kipi husafishwa kwa kitu gani, sehemu zipi nisithubutu kuzigusa, na tahadhari gani nichukue katika matumizi ya kila siku, maana nina watoto wadogo wanaovutwa na kila kitu chenye taa.

Fundi Sauti anajibu:

Ndugu yangu, umefanya vyema kuuliza mapema, kwa sababu vifaa vingi vya aina hii ninavyoletewa mezani havikuuawa na uzee wala vumbi, bali na kimiminika kilichopuliziwa na mtu mwenye nia njema.

La kwanza, usiiwashe tena amplifaya hiyo mpaka matundu yake yawe wazi. Hewa ya moto hutokea juu na ya baridi huingia kwa chini. Njia hiyo ikizibwa na vumbi, transista za kutoa sauti hupata joto kupita kiasi zilichoundiwa kustahimili, na kapasita (vifaa vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme) zilizo jirani nazo hukauka kabla ya wakati wake. Kwa sababu hiyo hiyo, ukishaisafisha usiibane ndani ya kabati lililofungwa, usiipandishie mashine ya CD juu ya matundu, na uiachie walau sentimita kumi za nafasi juu na nyuma. Kitambaa cha kufunikia ni kizuri, lakini ni cha wakati ambapo kifaa kimezimwa na kimepoa.

Unapoanza kusafisha, chomoa plagi ukutani. Kuzima kwa swichi ya mbele hakutoshi, kwani katika vifaa kadhaa umeme huendelea kufika kwenye transfoma hata taa ikiwa imezimika. Kisha chukua brashi laini ya kupakia rangi ambayo haijawahi kutumika, usukume vumbi kutoka kwenye matundu kuelekea nje, huku mkono wa pili ukishika bomba la mashine ya kufyonza vumbi umbali wa kiganja kimoja. Usipulize kwa mdomo, kwa kuwa pumzi ina unyevu na hulisukuma vumbi ndani zaidi. Uso wa mbele ufute kwa kitambaa laini kikavu. Penye alama za vidole nyunyiza maji kidogo kwenye kitambaa, kamwe si kwenye kifaa chenyewe, kwa sababu tone moja likiteremka nyuma ya kitufe litafika kwenye bodi ya umeme. Spiriti nayo usiipitishe juu ya maandishi ya vitufe wala vioo vya plastiki: maandishi huweza kufutika na plastiki ikapata ukungu usiotoka.

Kuhusu kufungua mfuniko, jibu langu ni hapana. Kapasita kubwa za amplifaya huweza kushikilia makumi ya volti baada ya plagi kuchomolewa, na katika amplifaya za vali, yaani zile za kizamani zenye taa za kioo badala ya transista, ni mamia ya volti, kiasi cha kuua mtu. Fundi huzipima kwa mita na kuzitoa chaji kwa njia maalumu kabla ya kuingiza mkono. Brashi ya mtu asiyejua kapasita zilipo haina nafasi humo ndani.

Sasa tuje kwenye kukwaruza. Nyuma ya kitufe cha sauti kuna ukanda mwembamba wa kaboni unaoguswa na ulimi mdogo wa chuma, na ukikaa muda mrefu hushika vumbi na utando. Amplifaya ikiwa imechomolewa, kizungushe kitufe hicho kutoka mwanzo hadi mwisho mara thelathini au arobaini, bila kukaza. Fanya hivyo hivyo kwa vitufe vya besi (sauti za chini), trebo (sauti za juu) na mizani (mgawanyo wa kushoto na kulia), na uzibonyeze na kuziachia mara nyingi swichi zote za mbele, hasa ile ya kuchagua spika na ile ya kusikilizia kaseti, ambazo mara kwa mara ndizo huficha upande mmoja wa sauti. Kazi hii haigharimu chochote na mara nyingi hutosha. Isipotosha, ipo dawa maalumu ya kupulizia vitufe vya aina hiyo, lakini lazima ifike ndani ya kitufe, na hapo ndipo pa kumwita fundi. Mafuta ya kutu achana nayo kabisa. Huacha utando unaonasa vumbi jipya, na huweza kuharibu ukanda wa kaboni, ambao haurekebishiki.

Upande wa kushoto ukiendelea kupotea, zima amplifaya, kisha badilishana waya zinazotoka kwenye mashine ya CD, ya kushoto iingie kulia na ya kulia kushoto. Tatizo likihamia upande wa kulia, ubovu uko kwenye waya au mashine ya CD; likibaki kushoto, uko kwenye amplifaya, kwenye waya za spika au kwenye spika yenyewe. Fundi yeyote atakushukuru ukimpelekea jibu hilo.

Mtunza Kanda anajibu:

Naungana na fundi kwa yote aliyoyasema kuhusu amplifaya, nami niongezee upande wa kaseti, CD na santuri, kwa sababu huko ndiko spiriti ina kazi yake halali.

Sauti nzito ya kaseti husababishwa mara nyingi na uchafu wa rangi ya kahawia ulioganda kwenye kichwa cha kusomea. Uchafu huo ni unga wa sumaku uliobanduka kwenye kanda, na hata ukiwa mwembamba kiasi cha kutoonekana huitenga kanda na kichwa, hivyo sauti za juu ndizo zinazopotea kwanza. Tumia kijiti cha pamba kilicholowanishwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi; ile ya asilimia 70 ina maji mengi mno kwa kazi hii, na spiriti za dukani zenye manukato au rangi huacha mabaki. Sugua kichwa taratibu na ubadilishe kijiti kila kinapokuwa na rangi, mpaka kitoke cheupe. Halafu safisha ule mhimili mwembamba wa chuma unaovuta kanda. Gurudumu la mpira linaloubana mhimili huo mimi hulisafisha kwa kijiti chenye maji na tone la sabuni laini, kisha kingine chenye maji matupu, kwa kuwa alkoholi ikitumika mara kwa mara huweza kukausha mpira ukapata nyufa. Wapo wanaotumia alkoholi huko pia, lakini mpira wa deki ya zamani si rahisi kuupata. Usitie kaseti mpaka kila kitu kikauke, la sivyo kanda itanata na kumezwa.

CD hufutwa kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha. Data zimeandikwa kwa mzunguko, na mashine ina hesabu za kurekebisha makosa mafupi. Mkwaruzo unaokatiza njia hizo hukosesha data kidogo tu, ilhali mkwaruzo unaofuata njia hiyo hiyo hufuta sehemu ndefu mfululizo. Ikiwa CD safi kabisa bado zinaruka, huenda lenzi ndiyo yenye vumbi. Mashine ikiwa imechomolewa na trei iko wazi, jaribu kwanza kipulizio cha mpira cha kusafishia lenzi za kamera. Usifungue mashine na kuiwasha ili uangalie kama leza inawaka: mwanga wake ni wa infraredi, karibu hauonekani, na jicho huweza kudhurika bila mwenye jicho kuhisi lolote.

Kwa santuri, brashi ya nyuzi za kaboni kabla ya kila upande inatosha kwa vumbi la kawaida. Sindano isafishe kwa brashi ndogo, ukivuta kutoka nyuma kuja mbele tu, upande uleule ambao santuri huisugua inapozunguka; ukisukuma kinyume unaweza kulivunja shina lake. Iwapo katika urithi huo kuna santuri za mizunguko 78 kwa dakika, zikague kwanza, maana nyingi zilitengenezwa kwa sheleki, nayo huyeyuka kwenye alkoholi. Santuri ya namna hiyo ukiifuta kwa spiriti, unaifuta pamoja na wimbo wake.

Mama Salha anajibu:

Kaka, mimi si fundi, lakini nimelea watoto katika nyumba yenye spika kubwa sakafuni, kwa hiyo niseme machache kuhusu hizo spika na matumizi.

Ile mashine ya kufyonza vumbi aliyoitaja fundi isikaribie kabisa koni za spika. Twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, huwa na utando mwembamba sana, na mfyonzo huibonyeza au kuing'oa. Koni ipitishie brashi laini kavu, bila kuigandamiza. Angalia pia ile pete ya ukingoni: kama ni ya sponji, gusa kidogo kwa ncha ya kidole, na ikimeguka kama keki usiendelee kupiga spika hiyo kwa nguvu, kwa sababu koni itacheza kombo na waya wake wa ndani kukwaruzana na sumaku. Pete hubadilishwa, na spika hurudi kazini. Vile vitambaa vya mbele usiviondoe mahali penye watoto; vidole vidogo hupenda kubonyeza kile kikofia cha katikati ya koni. Spika ndefu ziegemee ukuta au zifungwe, waya zipite nyuma ya samani, na chombo chochote chenye maji, hata kile cha kuwekea maua, kisikae juu ya amplifaya.

Radi zinapokaribia chomoa plagi, na kama redio ina antena ya nje uichomoe pia, kwani vizuizi vya mshtuko wa umeme havihimili radi iliyopiga karibu.

Na masikio, kaka yangu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu, hivyo kwa desibeli 89 mtu mzima anabaki na saa 5 tu kwa wiki nzima. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, punguza.

Mpenzi wa Santuri anaandika tena:

Nawashukuru sana. Baada ya kuzungusha vitufe kama fundi alivyoelekeza, na plagi ikiwa imechomolewa, nimesogeza amplifaya ili nifute nyuma, nikakuta mambo mawili. Fyuzi iliyo kwenye kishikio cha nje imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Tena, kwenye kituo cha spika ya kushoto kuna nyuzi chache za waya mwekundu zimechomoza na kukaribia waya mweusi. Sijaiwasha. Je, hilo la pili ndilo linalopoteza sauti?

Fundi Sauti anajibu:

Umefanya vizuri kutoiwasha. Hiyo karatasi ni hatari kuliko vyote ulivyotaja. Kazi ya fyuzi ni kukatika kabla ya transfoma kuungua, na fyuzi iliyozungushiwa karatasi haikatiki, hivyo hitilafu huweza kuishia kwenye moto. Iondoe, usome maandishi kwenye kifuniko cha kishikio au kwenye lebo ya nyuma, na ununue fyuzi yenye ampea zilezile, volti zilezile na herufi ileile: T ni ya kukatika taratibu, F ni ya kukatika haraka. Usipandishe ampea hata kidogo. Hapo hapo nyuma tazama kama kuna swichi ya kuchagua volti, na uhakikishe imewekwa kwenye volti za umeme wa nyumbani kwako.

Nyuzi zile zikigusana, amplifaya inapata njia fupi (shoti), na transista za kutoa sauti huweza kuungua kwa kufumba na kufumbua. Huenda ndiyo sababu ya fyuzi kukatika zamani, na katika baadhi ya amplifaya kinga ya ndani hukata sauti hali hiyo ikitokea, ingawa kwa kawaida hukata pande zote mbili. Kwa hiyo bado namshuku zaidi yule ulimi wa kitufe. Kata ncha ya waya, menya upya takriban sentimita moja, pota nyuzi zote ziwe kamba moja, kisha uziingize bila hata moja kubaki nje; nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi kwa spika zote mbili, maana moja ikigeuzwa, besi itafifia. Soma pia nyuma ya spika ni za omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) ngapi, na zisiwe chini ya zile zilizoandikwa kwenye amplifaya.

Unapoiwasha kwa mara ya kwanza, kama ni ya transista, iwashe bila spika, sauti ikiwa sifuri, ukae karibu nayo nusu saa. Fyuzi mpya ikikatika, au ukinusa harufu ya kuungua, au mfuniko ukawa wa moto kiasi cha kushindwa kuweka kiganja, chomoa na uipeleke kwa fundi, wala usijaribu fyuzi ya pili. Kama ni ya vali, usiiwashe kamwe bila spika. Hiyo ipeleke ikakaguliwe kwanza. Ikipita salama, zima, unganisha spika, na kuanzia hapo washa vifaa vingine kwanza na amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya itangulie.